Hakuna Habari, Hakuna Chai: Maisha ya Mama Rasoa Nabwile Makokha (1962–2025)

Jamaa zetu, majirani wa Ndalu, wenzake wa kazi kutoka Kitale na marafiki waliotoka Bungoma: marehemu aliagiza kwamba wasifu wake usomwe kwa muda usiozidi ule wa kikombe cha chai kupoa. Aliijua familia yake. Tutajaribu. Unasomwa na bintiye wa kwanza, Nakhumicha, ambaye ndani yake atatajwa kama mtu mwingine yeyote, bila kupendelewa.

Mama Rasoa Nabwile alizaliwa tarehe 14 Septemba 1962 karibu na misheni ya Lugulu, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Eliakim na marehemu Mama Nanyama. Kitinda mimba wao ni Mzee Wakoli, ambaye ameketi pale mwisho wa hema, upande ulio mbali kabisa na kipaza sauti. Tutamfikia. Inasemekana Nabwile aliongea kabla ya kutembea, na alipoanza kutembea, safari zake zote zilikuwa za kupeleka alichosikia. Baba akiwa zizini na mama akiwa jikoni, mtoto ndiye aliyekuwa njia kati yao. Mzee Eliakim akinguruma, "Uliza mama yako kama leo tunakula ama tunafunga," Nabwile alifika jikoni akasema, "Baba anasema harufu imemfikia." Chakula kilikuja haraka. Na kila Desemba alipukuchua mahindi kwa mikono pamoja na dada zake mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kovu la kidole gumba cha kulia alikuwa nalo mpaka mwisho, na alikuwa akilionyesha kwa wageni kama mtu anayeonyesha cheti.

Alisoma shule ya msingi pale pale karibu na nyumbani kuanzia 1969, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1975. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Anachokumbukwa kwacho ni jambo la walimu wawili, mmoja wa darasa la tatu na mwingine, wa kike, wa darasa la sita, ambao walikuwa wamekosana kwa sababu ya sanduku la chaki. Walikuwa wakimtuma Nabwile huku na huku. Mwalimu wa darasa la tatu alisema, "Mwambie arudishe chaki zangu leo hii," naye akafika darasa la sita na kusema, "Mwalimu anauliza kama umeamka salama." Walimu hao walioana Agosti 1974. Chaki hazikupatikana. Nafasi ya sekondari ilikwenda kwa kaka yake mkubwa, na hilo lilimuuma, tusiseme halikumuuma.

Tarehe 22 Desemba 1984 aliolewa na Mzee Makokha, ambaye wakati huo alikuwa akipakia mahindi kwenye malori pale Moi's Bridge. Mzee Makokha yuko hapa nasi na hatakataa tukisema kwamba ni mtu wa maneno machache. Alifika nyumbani kwa kina Nabwile Jumapili tatu mfululizo, akasema "Hamjambo," akaketi, akanywa chai, akaenda. Jumapili ya nne Nabwile akamuuliza mbele ya watu, "Wewe umekuja kuoa ama kukagua vikombe?" Akajibu, "Kuoa." Walihamia hapa Ndalu, Mungu akawajalia watoto watatu: Nakhumicha, Simiyu na Nasimiyu. Katika miaka arobaini ya ndoa, mama aliongea kwa niaba ya wote wawili, na majirani wanashuhudia kwamba Mzee hakuwahi kulalamika kwamba amenukuliwa vibaya.

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 1996 aliajiriwa katika Karakana ya Mavuno, Kitale, kupika chai. Siku za kazi alikaa Kitale, Ijumaa jioni akarudi Ndalu. Karakana ile, kwa wasioijua, hutengeneza mashine za wakulima. Juu ghorofani hukaa wanaochora mashine. Chini hukaa mafundi wanaozichomelea. Kati yao kuna ngazi kumi na saba, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyezipanda wala kuzishuka kwa hiari yake isipokuwa Mama Nabwile na birika lake. Duka la kuuzia mashine liko Bungoma mjini, karibu na msikiti, chini ya Bwana Hashim, na huko ni mbali zaidi ya ngazi.

Yeye aliweka sheria yake mwenyewe, ambayo haikuandikwa popote: hakuna habari, hakuna chai. Ukitaka kikombe, mwambie kwanza ni nini kimekataa kufanya kazi tangu asubuhi. Fundi mkuu Khaemba, mtu mwema mwenye ulimi wa moto, angesema, "Mwambie yule msichana wa karatasi kwamba mashine yake ni takataka, tundu la bolti limekaa mahali mkono hauingii!" Mama angemmiminia, apande ngazi kumi na saba, na amwambie Judy, mchoraji: "Khaemba anakuomba ushuke uone tundu la bolti. Ati mkono wake ni mkubwa." Judy angeshuka. Naye Judy angesema, "Mwambie kama hajui kusoma mchoro arudi shule," na chini ingefika, "Judy anauliza kama mchoro uko wazi ama aurudie." Matusi yalibaki ngazini. Tundu la bolti lilifika. Kila Jumamosi alimpigia simu Hashim kumjulia hali, na kabla ya kukata alikuwa ameshajua ni mashine gani imerudishwa na mkulima yupi, na Jumatatu saa nne asubuhi karakana nzima ilijua. Kwa miaka ishirini na mitano mashine za Mavuno zilisifiwa kutoka Kitale mpaka Chwele, na wakubwa waliamini kwamba sababu ni chuma kizuri.

Januari 2022 alikuja meneja mpya, Bwana Mathenge, ambaye pia yuko hapa na ameturuhusu kusema haya. Alisema angeyasema mwenyewe, lakini angeyafupisha. Bwana Mathenge aliona mwanamke akizunguka na birika na watu wakiacha kazi kuongea, akahesabu dakika. Akaamua kwamba kila ghorofa ipate birika lake la umeme. Habari zote za kazi zipite kwake, naye atazitangaza kwenye kundi la simu liitwalo Timu ya Bidhaa Mpya, ambalo yeye peke yake ndiye aliyeweza kuandika ndani. Mama Nabwile alipelekwa getini kushika kitabu cha wageni. Alirudi Ndalu Ijumaa hiyo akaketi jikoni bila kuwasha moto. "Wamenipa kalamu," akamwambia Mzee Makokha. Mzee akafikiri, kisha akamwashia moto.

Mwaka ule walikuwa wakitengeneza mashine mpya ya kupukuchua mahindi, na hiyo mashine mama aliitaka kuliko mtu yeyote pale. Aliitaka kwa sababu ya kidole gumba. Alitaka mwanamke wa Ndalu asimame mbele ya mashine hiyo kwa miguu yake mwenyewe, amimine mahindi, akusanye punje, aende zake. Lakini kwa miezi minane Khaemba na Judy walifanya kazi chini ya paa moja bila kuambiana neno. Judy alibadilisha mchoro, injini ikahamia upande wa pili ili izungushe mashine inavyotakiwa. Akautuma kwa meneja. Meneja akauweka kwenye kundi. Simu ya Khaemba ilikuwa imejaa video za kamati za harusi, haikufungua kitu, naye akachomelea kwa kufuata mchoro wa zamani. Alipoona injini haikai sawa alinyamaza, kwa sababu kundi halikumruhusu kuandika na ngazi aliziona ndefu. Hashim naye alikuwa ameandika ripoti tatu kuhusu malalamiko ya wanawake walionunua mashine za zamani, na zote zilikuwa zimepokelewa kwa shukrani.

Alhamisi ya tarehe 17 Novemba 2022, siku ya wakulima, mashine ilizinduliwa Bungoma mbele ya wageni wa heshima, kwaya na hema mbili. Mama Nabwile aliletwa kuwapikia wageni chai. Mkulima mmoja mwanamke aliitwa mbele, na kwa kuwa mdomo wa mashine ulikuwa juu ya kichwa chake, akaletewa kreti ya soda apande. Akamimina. Injini ikanguruma. Kwa sekunde tatu watu walipiga makofi. Halafu mashine, iliyokuwa ikizunguka kinyume, ikarudisha mahindi yote kwa njia ile ile yaliyoingilia. Magunzi yalimpiga mgeni wa heshima kwenye tai. Kwaya ya akina mama ililala chini kwa umoja ambao haijawahi kuufikia katika kuimba. "Zima! Zima!" Hashim alipiga kelele. "Bana hii mashine inatapika!"

Mama Nabwile hakukimbia wala hakucheka. Alichukua benchi la kwaya, akaliweka nyuma ya hema, akamkalisha Khaemba, akamkalisha Judy kando yake, Hashim, na mwisho Bwana Mathenge, ambaye alikuwa na punje sikioni. Akasimama mbele yao na birika.

"Hakuna habari, hakuna chai," akasema.

"Mama, si wakati wa chai," akasema Bwana Mathenge.

"Basi ukae na kiu."

Bwana Mathenge akatoa punje sikioni. Khaemba ndiye aliyelegea kwanza. "Mimi niliona injini imekaa vibaya tangu mwezi wa nane," akasema. Judy akageuka: "Si nilituma mchoro mpya?" "Ulituma wapi?" "Kwa kundi!" "Kundi gani, bana? Mimi niko kwa kundi la mazishi tatu na harusi nne!" Hashim akaingilia kwamba hata kwa mashine za zamani wateja wake wote wanapanda kreti, na kwamba mmoja alianguka Kimilili. Judy akashika kichwa: hakuwahi kuambiwa. Mama akamimina kikombe kimoja baada ya kingine, kila mtu kwa zamu yake ya kusema. Chai ilipoisha, Khaemba alikuwa ameshaupishanisha mkanda wa mashine ukafanya umbo la nane ili uzunguke upande wa pili, kisha akaazima msumeno wa chuma na kukata miguu ya mashine futi moja, Judy akimshikia na kumwekea alama. Baada ya chakula cha mchana yule mwanamke alimimina tena akiwa amesimama chini. Punje zilianguka kwenye beseni, nyeupe, bila ganda. Mama alijifanya anafuta vikombe, lakini Hashim anasema alikuwa analia.

Wiki ya pili ya Januari 2023 Bwana Mathenge alimwita ofisini. Alikuwa amechora duara kwenye ubao kwa kila mtu wa karakana, na mistari kuonyesha nani huongea na nani. Mistari yote ilipita kwenye duara moja katikati. "Unaona, Mama?" akasema kwa furaha. "Wewe ndio mtandao wetu." Alitarajia ashukuru. Mama akaliwekea kidole lile duara la katikati. "Mtandao hupotea mvua ikinyesha," akasema. "Na siku mimi nikifa?" Bwana Mathenge akafuta ubao. Tangu siku hiyo ameliweka kundi wazi ili kila mtu aandike, na anajuta kidogo kwa sababu ya picha za maua za kila asubuhi.

Duara lile lilimtisha mama. Alirudi Ndalu akasema alichokuwa amekiona si sifa, ni kosa lake. Alikuwa amewabeba watu wazima mgongoni mpaka wakasahau kutembea. Tangu siku hiyo chai aliipika, lakini maneno hakuyabeba tena. Khaemba akisema, "Mwambie Judy," alijibiwa, "Mwambie mwenyewe, ngazi ni kumi na saba." Akaomba kitu kimoja tu, benchi chini ya ngazi, lichorwe na Judy na lichomelewe na Khaemba. Ndicho kitu cha kwanza walichotengeneza bila yeye kati yao. Mguu mmoja ni mfupi, na mpaka leo wanabishana kosa ni la nani, lakini wanabishana wakiwa wamelikalia.

Sasa tumfikie Mzee Wakoli.

Tarehe 14 Desemba 2019 Nakhumicha aliolewa. Katika desturi yetu, khocha, yaani mjomba, ndugu wa mama, hana mbadala siku ya harusi. Nakhumicha alitangaza harusi kwenye kundi la simu la familia, ambamo khocha Wakoli alikuwa amejitoa miezi miwili kabla, na akahesabu kwamba amemwambia. Khocha alifika saa kumi na moja jioni, sufuria zikioshwa. "Nilisikia muziki," akasema. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mama, kama kawaida yake, akabeba maneno. Khocha akasema, "Mwambie hata nikifa asije," na Nakhumicha akapata, "Mjomba anauliza kama mtoto ameota meno." Nakhumicha akasema, "Mwambie kwenye kiti chake tulimkalisha mbuzi," na khocha akapata, "Anasema chakula kilikosa ladha bila wewe." Kila mmoja alijiona ndiye mkaidi na mwenzake ndiye mwungwana, na mambo yakaenda hivyo miaka mitatu. Halafu mama akaona lile duara, akaacha kubeba. Salamu zikakatika pande zote mbili. Khocha akaamini Nakhumicha amekuwa na kiburi. Nakhumicha akaamini khocha amezeeka vibaya.

Januari 2025 miguu ya mama ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema moyo umepanuka. Alilazwa katika hospitali ya misheni kule Lugulu, karibu na alikozaliwa, na aliwashukuru sana wauguzi, ambao kufikia siku ya tatu alikuwa ameshajua nani kati yao hasemezani na nani. Wenzake wa kazi walikuja wote kwa gari moja, wakaanza kumweleza habari za karakana kila mtu sikioni mwake. Akawafukuza. "Kuna benchi huko nje. Ambianeni." Nakhumicha alikuja asubuhi na khocha akaja jioni, wakipishana kama jua na mwezi. Wiki ya mwisho mama alimwambia Nakhumicha, "Zile salamu za mjomba wako zote zilikuwa zangu." Jioni akamwambia khocha hivyo hivyo. Nakhumicha akamuuliza kwa nini anasema sasa. Akajibu, "Nimewadanganya vizuri, lakini sasa naondoka na nyinyi hamjui hata kusalimiana." Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, saa ya chai. Mzee Makokha alikuwa amemshika mkono. Alipotoka nje alituambia, "Amenyamaza." Hatujawahi kusikia neno zito kama hilo kutoka kwake.

Keshoye pale karakana, saa nne, hakuna aliyeleta birika. Watu walikuja mmoja mmoja wakaketi kwenye benchi na vikombe vitupu. Benchi likayumba chini yao. Mwishowe Khaemba akasema, "Judy, kuna kipande nilikata kifupi jana. Sikutaka kusema." Judy akasimama, akaenda kuona.

Marehemu ameacha mume, Mzee Makokha. Watoto watatu, Nakhumicha, Simiyu na Nasimiyu. Wajukuu wanne, ambao mkubwa wao, kwa taarifa ya khocha, aliota meno zamani. Kaka mmoja, Mzee Wakoli, na dada wawili. Wenzake wa Karakana ya Mavuno. Na benchi moja linaloyumba.

Ameacha pia agizo. Baada ya mazishi kutakuwa na chai, na sheria ni ile ile. Birika libebwe na kaka yake Wakoli na vikombe vibebwe na bintiye Nakhumicha, wapite pamoja kila safu, kwa sababu mwenye birika hawezi kugawa bila mwenye vikombe. Alipanga hivyo akiwa kitandani, na alicheka mpaka muuguzi akaja.

Kwa hiyo msomaji wa wasifu huu anakiri leo, mbele ya watu na mbele ya jeneza la mama yake, kwamba khocha hatangaziwi harusi kwenye simu. Khocha hufuatwa nyumbani kwake, kwa miguu. Nakhumicha hakumfuata. Alikosa, na amechukua miaka mitano na miezi mitatu kusema sentensi hiyo.

Mama Rasoa Nabwile, apumzike kwa amani. Amebeba ya kutosha. Vikombe ninavyo hapa mkononi.

Khocha Wakoli, habari yako?